Kutoka inchi 5.5 kwenda 6.7: simu ya kioo kikubwa inasaidia kweli, au tunanunua urefu tu?

#1 · Mtoa mada

Wakuu, salaam kwenu.

Natumia Samsung Galaxy J7 ya mwaka 2016, kioo chake inchi 5.5. Haijafa. Inapiga, inapokea, miamala inafanyika, na betri ikichoka nafungua mfuniko naweka nyingine. Tatizo ni hifadhi yake ya GB 16, imejaa hadi WhatsApp inagoma kupakua picha. RAM nayo, ile kumbukumbu inayoshikilia programu zilizofunguliwa, ni GB 2, imeshindwa na programu za siku hizi: nikiacha faili nikajibu ujumbe, nikirudi faili linaanza kufunguka upya. Kwa hiyo kununua nitanunua, hilo limeshapita. Ninachoomba tujadili ni ukubwa wa kioo.

Kila duka ninaloingia hapa Morogoro nasukumiwa simu ndefu. "Mwalimu, chukua hii, inchi 6.7, mechi utaona mpaka jasho la mchezaji." Simu ikiwa ghali, sababu ni inchi. Ikiwa rahisi, sifa ni inchi zilezile. Nikiuliza kioo chenyewe ni cha aina gani, nageuziwa boksi nisome mwenyewe.

Bajeti yangu haivuki laki tano. Ni hela ya mchezo tunaocheza walimu, wa kuchangiana kwa zamu, na zamu yangu ikishapita haitarudi karibuni. Ndiyo maana nimekaa na rula na kikokotoo kabla ya kukaa na muuzaji. Naomba niweke hapa nilichokipata, anayeona nimekosea aseme.

Inchi za kioo hupimwa kimshazari, kona hadi kona. Kioo kikirefuka bila kupanuka, inchi zinapanda vilevile. Simu nyingi za enzi ya J7 zilikuwa na uwiano wa 16 kwa 9. Za leo nyingi ni 20 kwa 9 au 19.5 kwa 9, ndefu na nyembamba. Sasa tazameni: kioo cha J7 yangu kina upana wa sentimita 6.85 na urefu wa 12.2. Samsung Galaxy A16, ambayo ni inchi 6.7, ina upana wa kama 7.1 na urefu wa 15.5. Inchi moja na ushee imeongezeka, lakini upana haujafikisha hata nyongeza ya milimita 3. Sentimita 3 na zaidi zimekwenda kwenye urefu.

Kwa anayenunua simu kwa ajili ya video, hilo si jambo dogo. Mpira na video nyingi za YouTube bado ni 16 kwa 9. Ukilaza simu ndefu, picha inaishia kwenye kimo cha kioo na pembeni panabaki weusi. Kwenye A16 picha ya mechi itakuwa sentimita 12.7 kwa 7.1. Kwenye J7 yangu ni 12.2 kwa 6.85. Tofauti ni nusu sentimita! Unaweza kuivuta picha ijaze kioo chote, lakini hapo unakata juu na chini, na kwenye mpira kule juu ndiko kuna matokeo na dakika.

Kwenye kuandika ni habari nyingine. Katika J7 kibodi ikipanda inafunika karibu nusu ya kioo, ninabaki naona ujumbe mmoja au miwili ya mwisho. Simu ndefu inaacha nafasi juu ya kibodi, unajibu huku unamsoma mwenzako. Kwa sisi tunaoendesha makundi ya wazazi, hiyo ni nafuu ya kila saa.

Halafu kuna PDF, na hapa ndipo penye kazi yangu hasa. Mitihani, miongozo, nyaraka za shule, zote zinakuja kwa ukubwa wa A4, yaani upana wa sentimita 21. Ukiiweka kwenye kioo cha upana wa sentimita 7, kila herufi inabaki theluthi moja. Herufi ya ukubwa wa 12 inaonekana kama ya ukubwa wa 4. Hakuna jicho la kusoma hiyo kwa raha, iwe inchi 5.5 au 6.7. Ila ukilaza simu, urefu unageuka kuwa upana: J7 inafikisha herufi ya ukubwa wa 7, A16 inakaribia 9, ambayo ndiyo herufi ya gazeti. Unaona theluthi ya ukurasa kwa mara moja na unasogeza chini, lakini unasoma bila kuvuta vuta kwa vidole viwili. Kwa hiyo urefu una faida. Ila si faida niliyotajiwa dukani.

Jambo la mwisho, na ndilo linalonifanya niandike uzi badala ya kwenda kulipa. Galaxy A06 na Galaxy A16 zote ni inchi 6.7. Ukiziweka kwenye meza zimezimwa, mtu asiyejua atachukua ya bei ya chini akaona ameokoa hela. A06 ina pikseli (nukta zinazounda picha) 720 kwa 1600, kioo cha LCD, yaani kinachowashwa na taa ya nyuma. A16 ina 1080 kwa 2340, kioo cha AMOLED, ambacho kila pikseli inajiwakia yenyewe. Pikseli zilezile chache zikitandazwa kwenye kioo kikubwa zinaachana: A06 ina kama pikseli 262 kwa kila inchi, A16 kama 385. J7 yangu ya 2016 ina 267. Maana yake nikichukua A06 napata kioo kikubwa zaidi chenye ukali wa herufi uleule nilionao leo, hata kupungua kidogo.

Tumefika mbali. iPhone ya kwanza mwaka 2007 ilikuwa na inchi 3.5. Galaxy Note ya kwanza, 2011, ilikuwa na 5.3 na ilionekana jitu. Leo 5.3 ni simu ndogo kuliko karibu zote zilizo kwenye shelfu, na hata Apple waliotoa iPhone 13 mini ya inchi 5.4 mwaka 2021 hawakuirudia. Mnunuzi wa laki tano hana uchaguzi wa simu mpya ndogo, huo ndio ukweli. Uchaguzi uliopo ni kati ya kubwa nzuri, kubwa mbovu, na ndogo iliyotumika.

Naomba maoni, hasa ya mafundi, wenye viganja vidogo, na wanaosomea kwenye simu.

#2

Chukua kubwa mwalimu, wiki ya kwanza utaona kama umeshika rula ya ubaoni, ya pili umezoea. Sijaona mtu aliyetoka kubwa akarudi ndogo kwa hiari yake.

#3

Mimi nimerudi ndogo kwa hiari yangu, kwa hiyo sasa umemwona.

Nauza nafaka sokoni Mwanza. Mkono mmoja uko kwenye mzani au kwenye gunia, wa pili ndio wenye simu. Mteja anakwambia ametuma, unatakiwa kufungua ujumbe, kusoma jina na kiasi, na kumrudishia jibu, yote kwa kidole gumba kimoja. Nilikuwa na simu ya inchi 6.8. Alama ya kurudi nyuma iko chini, sawa, lakini ukitaka kushusha taarifa kutoka juu gumba halifiki. Unaisogeza simu kwenye kiganja ili ufike juu, na hapo ndipo inapoponyoka. Yangu imeanguka kwenye sakafu ya saruji kwa namna hiyohiyo kila mara, nikiwa naisogeza.

Halafu uzito. Watu wanatazama kioo wanasahau kuwa simu inakaa juu ya kidole cha mwisho. Galaxy S24 Ultra ina gramu 232, S24 ya kawaida ina 167. Ukishika dakika mbili huoni kitu. Ukishika toka asubuhi hadi soko lifungwe, kidole kinakuwa na alama.

Sasa natumia S22 iliyotumika, inchi 6.1, upana wake milimita 70.6. Inanitosha kiganjani. Siku ya soko kubwa nabeba na pawabenki maana betri yake ni mAh 3700 tu, wakati hizo ndefu unazozitaja zina 5000. Hiyo ndiyo bei ya udogo na naikubali. Wewe mwalimu kazi yako ni ya kukaa, mikono miwili iko huru, kwa hiyo mimi na wewe hatutafuti simu moja.

#4

Naongea kama fundi, nipo Kariakoo.

Mwalimu hesabu zako ziko sawa ila umesahau swali moja ambalo nawaambia wateja wote: uliza bei ya kioo kabla hujauliza bei ya simu. Nenda kwa fundi yeyote, mwambie nataka kioo cha simu fulani, cha kwake halisi, shilingi ngapi. Akikwambia bei inayokaribia nusu ya simu, jua unanunua kitu ambacho kikipasuka utakitupa au utakipiga kioo cha bandia.

Na kioo cha bandia mkae mkijua ni nini. Simu imekuja na AMOLED, kimepasuka, unatafutiwa cha LCD kwa sababu ni nafuu. Kinawaka, kinagusika, unaondoka umefurahi. Baada ya muda unakuta weusi si mweusi tena, ni kijivu, chaji inakwenda haraka maana AMOLED inazima pikseli nyeusi lakini LCD taa yake ya nyuma inawaka kioo kizima hata ukiwa na ukurasa mweusi. Na kama simu yako alama ya kidole iko chini ya kioo, sahau, haitasoma. Watu wanakuja kunigombeza hapa kuwa nimewaharibia kidole, kumbe kioo walichowekewa mahali pengine hakipitishi. A16 alama ya kidole iko kwenye kitufe cha pembeni, kwa hilo ina unafuu.

Simu ndefu inavunjika zaidi? Kwa ninayoyaona mezani, ndiyo, na sababu kubwa ni mfuko wa nyuma wa suruali. Mtu anakaa kwenye daladala na simu ya sentimita 16. Fremu inapinda kidogo, kioo kinaanza mstari wa kijani au kinaachia kwenye gundi. Kava gumu na mfuko wa mbele. Protekta weka, lakini si ya maji ile laini, weka ya kioo.

#5

Mtoa mada naomba kukuuliza kwa nia njema: una uhakika tatizo lako ni kioo? Nimesoma aya yako ya kwanza mara mbili. Hifadhi imejaa, RAM haitoshi. Hakuna mahali umesema huoni. Ukinunua simu ya inchi 6.7 yenye GB 64 na RAM GB 4, baada ya mwaka utarudi hapahapa.

Na uwe macho na boksi. Maboksi mengi sasa yanaandika RAM GB 8, ukisoma maandishi madogo ni 4 ya kweli na 4 iliyokopwa kwenye hifadhi. Hiyo ya kukopwa haifanyi kazi ya RAM, ni polepole kuliko RAM halisi kwa mbali. Uliza RAM halisi ngapi, sikiliza jibu linavyokuja.

#6 · Mtoa mada

Dada wa Mwanza, asante sana. Hiyo picha ya gumba na taarifa za juu nimeijaribu hapa na simu ya mwenzangu, ni kweli kabisa, na nikaona pia Samsung wana mpangilio wa kutumia mkono mmoja unaopunguza picha ya kioo chote na kuishusha kuelekea chini. Upo kwenye mipangilio, sehemu ya vipengele vya ziada. Kibodi ya Google nayo inasogezwa upande mmoja. Si dawa kamili ila inapunguza.

Mkuu wa #5, umenigusa. Ni kweli kilichonileta ni hifadhi. Lakini PDF ni kazi ya kila siku, na nikishatoa hela sitaki kukaa miaka na simu inayonisomesha kwa taabu. Kwa hiyo vigezo vyangu navipanga upya: hifadhi GB 128 kwanza, RAM halisi isiyopungua 6, kisha pikseli, kisha ndio inchi. Inchi zimeshuka hadi nafasi ya nne, na nimeridhika zikae huko.

#7

Habari zenu kutoka Nairobi. Mimi ni rider, boda yangu iko na stendi ya simu kwa hendo, ramani inawaka siku nzima. Wacha niwaambie upande wa watu wa barabara.

Kioo kikubwa kwa ramani ni poa, kona inayokuja unaiona mapema bila kuinama. Lakini kuna vitu vitatu. Jua: kioo chenye mwangaza mdogo saa saba mchana huoni kitu, unapeleka mteja kwa kukisia. Kabla ya kulipa, toa simu nje ya duka, weka mwangaza juu kabisa, isome kwa jua. Muuzaji akikataa, nenda duka lingine. Ya pili, AMOLED ikikaa na ramani ileile masaa mengi kila siku, alama ya ile baa ya chini hubaki imechoreka. Ya tatu ni mtetemo. Apple wenyewe walitoa onyo mwaka 2021 kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu mfumo wa kamera zenye kutuliza picha. Watu wanapuuza, halafu kamera inaanza kutetemeka kila ukifungua.

Mwalimu hii haikuhusu sana, lakini kuna wenzangu watasoma.

Na tafadhali mkae mbali na simu za mkopo kama mna pesa mkononi. Unalipa kidogo kidogo kila siku, ukichelewa simu inajifunga, na ukijumlisha mwisho umelipa zaidi sana ya bei ya dukani. Kama huna njia nyingine sawa, imesaidia wengi kupata simu ya kazi. Lakini jumlisha kwanza.

#8

Wanangu, mimi ni mstaafu, nipo Tanga. Niongeze la macho maana nyote mnaongelea kioo na hakuna aliyeongelea jicho.

Ukifika miaka arobaini na kitu, lenzi ya jicho inaanza kukakamaa. Unaanza kuisogeza simu mbali, mkono unanyooka. Wengi hapo ndipo wanapokimbilia simu kubwa. Kioo kikubwa hakikuzi herufi chenyewe. Simu nyingi zikitoka dukani zinaonyesha herufi karibu ukubwa uleule, ila zinaonyesha mistari mingi zaidi. Anayekuza herufi ni wewe, kwenye mipangilio ya onyesho, ukubwa wa maandishi. Fanya hivyo kwenye simu uliyonayo leo, bure, kisha kaa nayo uone kama bado unahitaji kununua.

Faida ya kioo kikubwa ni kwamba ukishakuza herufi, bado sentensi inaenea. Kwenye kidogo, herufi kubwa zinakupa maneno matatu kwa mstari, unachoka kusogeza. Mimi nasoma Kurani na magazeti kwenye simu, nimekuza herufi hadi karibu mwisho, na kwa hilo naishukuru simu ndefu. Lakini nilianza kwa daktari wa macho. Miwani ya kusomea ilifanya kazi kubwa kuliko inchi.

Mwalimu, una umri gani?

#9 · Mtoa mada

Shikamoo mzee wangu. Nina arobaini na mbili, na ulivyosema mkono unanyooka umenisema mimi. Nitakwenda kupima kabla ya kununua, na nimeshakuza herufi za J7. WhatsApp imekuwa nafuu papo hapo. PDF haikubadilika, maana herufi zake zimefungwa na ukurasa.

#10

Kwa PDF mbona hamtaji tableti? Kwa mwalimu hiyo ndiyo ingekuwa ya kwanza. Galaxy Tab A9 ya inchi 8.7, au A9+ ya inchi 11, kuna matoleo yanayoingia laini. Simu unanunua ya kawaida tu.

#11 · Mtoa mada

Nimeipigia hesabu ileile mkuu, na jibu limenishangaza. Tab A9 ikisimama, upana wake ni kama sentimita 11.3, herufi ya 12 inakuwa kama 6.5. Ni ndogo kuliko A16 ikilazwa! A9+ ya inchi 11 ina upana wa kama 14.8, herufi inakuwa kama 8.5, ambayo inalingana na A16 iliyolazwa, isipokuwa tableti inakuonyesha ukurasa mzima kwa mara moja. Kwa kusahihisha na kulinganisha maswali, ukurasa mzima ni kitu kikubwa, sibishi. Lakini bajeti yangu haitoshi viwili, na tableti haiingii mfukoni nikiwa naingia darasani. Mwenye uwezo wa vyote viwili achukue A9+ na aiache hiyo ya 8.7.

#12

Mimi ningekushauri simu iliyotumika ya daraja la juu. Zinaingia nyingi kutoka Dubai, safi. Kwa laki tano unaweza kupata kioo kizuri kuliko A16 na kamera usiyoilinganisha. Ila masharti. Piga *#06#, upate IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, linganisha na iliyo kwenye boksi na kwenye mipangilio. Kwa hapa Tanzania itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 uone jina la simu linalorudi ndilo lililo mkononi mwako. Mnaikumbuka Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu feki, watu walibaki na vioo vya kujitazamia.

Angalia pia kama kioo kimeshabadilishwa. Fungua picha nyeupe tupu, mwangaza juu, tafuta madoa ya rangi na kivuli cha kibodi.

#13 · fundi tena

Nakubaliana na #12 kwenye ukaguzi. Nisichokubali ni kwa mtu kama mwalimu anayetaka kukaa na simu miaka mingi. Simu iliyotumika miaka mitatu betri yake imeshakula nusu ya maisha, na masasisho ya usalama yanaishia njiani. A16 Samsung wametangaza miaka sita ya masasisho. Halafu ina kinga ya IP54, yaani vumbi na matone ya maji. Mwalimu anashika chaki, mnajua vumbi la chaki linavyoingia kwenye tundu la chaji? Nalitoa kwa sindano kila siku.

Mwalimu, fanya hivi usipoteze nauli. Chukua boksi la maziwa au la dawa ya mbu, kata kipande cha milimita 164 kwa 78. Hicho ndicho kimo na upana wa A16. Kitie kwenye mfuko wa shati, kwenye suruali, panda nacho bodaboda, kaa nacho kikaoni.

#14 · Mtoa mada

Nimekata. Na nimekata kingine cha 152 kwa 76, cha J7, nikaviweka pamoja. Kiganjani, upana ni uleule kwa kushika, milimita 2 sizisikii. Tofauti iko juu. Kwenye mfuko wa shati J7 inazama, kipande cha A16 kinachungulia, nikiinama kuokota chaki kinaanguka sakafuni. Nilirudia mbele ya wanafunzi wa kidato cha pili, kikaanguka tena. Kwa hiyo mfuko wa shati umefutwa, simu itakaa suruali ya mbele.

Nimekwenda pia kwenye duka moja, nikaomba A06 na A16 ziwashwe zote, nikawatumia faili moja la mtihani wa Fizikia lenye michoro na vipeo vidogo. Nikalaza zote mbili. Kwenye A06 kile kipeo cha 2 juu ya sekunde kilikuwa kama doa, nikavuta ndipo nikaona. Kwenye A16 nilikisoma bila kuvuta. Inchi 6.7 na inchi 6.7. Nikazitoa nje juani kama alivyoshauri ndugu wa Nairobi, A16 ikasomeka, nyingine nikaikinga kwa kiganja.

Bado kuna swali la bando. Mwenzangu mmoja anasema kioo kikubwa kinakula bando zaidi. Nani anajua?

#15

Kioo chenyewe hakili bando. Kinachokula ni ubora wa video. Ukiwa na kioo cha 1080, YouTube ikiachwa ijichagulie na mtandao uko vizuri, inaweza kupanda hadi huko, wakati zamani ilikuwa inaishia 720. Ingia kwenye mipangilio ya YouTube, upande wa data ya simu chagua kiwango cha chini. Mpira kwa 480 kwenye upana wa sentimita 7 unatazamika vizuri tu, namba za jezi ndizo zitakusumbua. WhatsApp nayo zima kupakua video kwenyewe, hapo ndipo hifadhi yako ilipoishia.

#16 · Mtoa mada

Basi naweka uamuzi, ili anayekuja na swali hili akute uzi una mwisho.

Nachukua A16, GB 128, RAM 6. Nachukua kwa sababu ya ukali wa kioo, hifadhi na miaka ya masasisho. Kioo kirefu nakipokea kwa ajili ya PDF za kulaza na kibodi. Kwa mpira sitegemei kitu kipya. Ningekuwa nafanya kazi ya dada wa Mwanza nisingeichukua. A06 nimeiacha, na kwa anayesoma maandishi madogo ningemwomba naye aiache, hata kama muuzaji anaapa kuwa ni inchi zilezile. Kwa anayepiga, kupokea na kutuma hela tu, itamtosha na asiongeze hata senti.

Macho napima Ijumaa, simu nanunua baada ya hapo. J7 inabaki nyumbani, imewekwa betri mpya, itakuwa ya laini ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa.

Fundi wa Kariakoo, bei ya kioo halisi cha A16 nimeulizia kwa watu wawili hapa Morogoro, mmoja ananitajia karibu mara mbili ya mwenzake. Yupi ananidanganya?

#17 · fundi

Huenda hakuna anayekudanganya. Mmoja amekutajia kioo na fremu yake, mwingine kioo kitupu, au AMOLED na LCD. Muulize kila mmoja: ni AMOLED, na kinakuja na fremu? Kisha mwambie awashe picha nyeusi tupu gizani. Kikitoa mwanga wa kijivu, hicho ni LCD, usilipie bei ya kile kingine.